Pikipiki Moja ya Spoti kwa Barabara ya Malindi na kwa Kiwanja cha Mbio

Swali la kwanza ambalo mtu wa Malindi humuuliza mwenzake aliyenunua pikipiki ya spoti ni "sisi (cc) ngapi?", yaani injini ina ujazo wa kiasi gani, na jibu likiwa elfu moja, wanaosikiliza hutikisa vichwa kwa heshima. Swali hilo lina maana kwa bodaboda, ambako tofauti ya cc 100 na cc 150 huonekana mara tu abiria na gunia la nazi wanapopandishwa. Kwa pikipiki ya spoti, hasa ile ambayo mwenyewe anakusudia kuiendesha barabarani siku za kawaida kisha kuiingiza kwenye kiwanja cha mbio mara moja moja, ujazo wa injini ungepaswa kuulizwa mwishoni, baada ya mambo mengine mengi ambayo watu huyapita haraka.

Aina hii ya pikipiki ilizaliwa kutokana na mashindano. Suzuki ilipotoa GSX-R750 mwaka 1985, ilikuwa imechukua umbo la pikipiki za mbio za masaa mengi na kuliwekea taa na nambari za usajili. Honda ikafuata mwaka 1992 na CBR900RR, na Yamaha mwaka 1998 na R1, kisha R6 mwaka uliofuata. Kila kitu kinachozitofautisha pikipiki hizo na nyingine ni jibu la tatizo la kiwanjani. Vikanyagio vimepandishwa juu na kurudishwa nyuma ili visikwaruze lami pikipiki inapolazwa kwenye kona. Mikono ya usukani imeshushwa ili uzito wa dereva ulikandamize tairi la mbele na kifua kijifiche nyuma ya kioo, upepo usikibebe. Mabomba ya mbele yanayoshika gurudumu yamesimamishwa karibu na wima zaidi kuliko ya pikipiki ya safari, ili pikipiki igeuke upesi inapoombwa kugeuka. Kiwanjani hayo yote ni faida. Barabarani, karibu kila moja lina gharama yake, na anayechagua pikipiki ya kazi mbili hana budi kuamua ni gharama zipi anaweza kuzibeba kila siku.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni takribani kilomita 120. Ukitoka mjini unapita Gede huku msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mkono wa kulia, unafika Matsangoni, unavuka daraja la Kilifi, kisha Vipingo, Kikambala na Mtwapa. Njiani kuna matuta kila penye shule, soko au msikiti, kuna tuktuk zinazogeuka bila indiketa, kuna mbuzi, na kuna vumbi la mchanga lililotandazwa kwenye kingo za lami. Kwa sehemu kubwa ya safari hiyo mwendo ni kati ya kilomita 50 na 90 kwa saa. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba mkao wa pikipiki ya spoti umehesabiwa kwa mwendo mkubwa zaidi, ambapo upepo unaogonga kifua humwinua dereva na kumpunguzia mzigo mikononi. Kwa mwendo wa Gede na Matsangoni upepo huo haupo, na uzito wote wa kiwiliwili hukaa juu ya viganja. Safari yangu ya kwanza kwenda Mombasa na pikipiki ya cc 600 niliifanya asubuhi, nikiwa na nguvu zangu zote, na kabla sijalifikia daraja la Kilifi vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi hata nikawa sina hakika navyo juu ya breki. Nilisimama upande wa pili wa daraja nikavinyoosha kwa dakika kumi. Mkono wa kulia ndio wa breki ya mbele na ndio wa mafuta, kwa hiyo ganzi hiyo ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la starehe.

Matuta nayo yana hesabu yake. Tumbo la R6 liko milimita 130 kutoka ardhini, na la R7, ya Yamaha pia, milimita 135. Kawasaki Ninja 400 ina milimita 140, na kiti chake kiko chini kwa milimita 785, wakati kiti cha R6 kina milimita 850. Tofauti ya sentimita moja huonekana ndogo dukani. Kwenye tuta lililojengwa na wanakijiji kwa mikono yao, ambalo halikupimwa na mhandisi yeyote, sentimita hiyo ndiyo hutenganisha kupita salama na kusikia bomba la moshi likikwaruza zege, na anayefikisha miguu yote miwili chini huweza kuisimamisha pikipiki juu ya mteremko wa tuta pasipo kuyumba.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Nguvu farasi zinazoandikwa kwenye matangazo ni za kilele, na kilele hicho hupatikana katika mzunguko mmoja tu wa injini. Tuzilinganishe pikipiki mbili za kampuni moja. R6 ya matoleo ya mwisho ina silinda nne na cc 599, na hutoa nguvu farasi zipatazo 118, lakini hutoa hizo injini inapozunguka mara 14,500 kwa dakika. R7, iliyozinduliwa mwaka 2021, ina silinda mbili na cc 689, na nguvu farasi zake ni 73 tu. Kwenye karatasi R7 imeshindwa vibaya. Hata hivyo, ukitazama toki, yaani nguvu ya kusokota ambayo dereva huihisi mgongoni anapofungua mafuta, R7 hutoa nyutoni-mita 67 katika mizunguko 6,500, ilhali R6 hufikia 61.7 katika mizunguko 10,500. Uzito wao ni karibu sawa: kilo 188 kwa R7 na 190 kwa R6. Maana yake ni kwamba dereva anayetoka kwenye mzunguko wa barabara na kutaka kulipita lori la chumvi la Gongoni huipata nguvu ya R7 papo hapo akiwa katika gia aliyokuwa nayo, wakati yule wa R6 lazima ashushe gia mbili na kuipigisha injini kelele ndipo ipate kuamka. Injini ya silinda nne ya cc 600 huishi juu, na barabarani hatuishi juu.

Kuna kipimo kingine kilicho rahisi zaidi. R6 huvuka kilomita 100 kwa saa ikiwa bado katika gia ya kwanza. R1, yenye cc 998 na nguvu farasi zipatazo 200, huvuka kilomita 130 katika gia hiyohiyo. Ndani ya mji sheria yetu inaruhusu kilomita 50. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya lita moja anayeheshimu sheria ndani ya mji wa Malindi hatumii hata nusu ya gia yake ya kwanza, na zile gia tano nyingine amezinunua, anazibeba, anazilipia bima, wala hazigusi ila anapotaka kupunguza mizunguko. Nimewahi kumiliki ya lita kwa miezi minane na ninasema haya kwa uzoefu. Kumbukumbu yangu kubwa ya pikipiki ile ni ya joto: feni ya rejeta ilikuwa ikiwaka kwenye msongamano wa Mtwapa na kunipulizia mapajani hewa ya moto kama ya tanuri la mkate, mchana wa kaskazi, suruali ikiwa imeshikamana na ngozi.

Msomaji anaweza kusema kwamba nimezungumza barabara tu, na kwamba kiwanjani mambo hugeuka. Yanageuka, lakini hayageuki jinsi inavyodhaniwa. Mugello, ule uwanja wa Italia ambao Waitaliano wengi wanaoishi hapa Malindi huutaja kama mtu anavyoutaja mtaa wao, una sehemu iliyonyooka ya zaidi ya kilomita moja. Ni hapo ambapo Brad Binder wa Afrika Kusini aliendesha kwa kilomita 366.1 kwa saa mwaka 2023 akiwa juu ya pikipiki ya mashindano ya MotoGP. Mahali pa namna hiyo ndipo injini ya lita hupata nafasi ya kupumua. Kenya haina kiwanja cha lami cha kiwango cha mashindano ya dunia ya pikipiki. Aliye Pwani anayetaka kujifunza bila magari wala mbuzi atapata nafasi, akiruhusiwa, kwenye viwanja vya karti vya Mombasa au Nairobi, ambavyo ni vifupi, vyembamba na vimejaa kona za kurudi nyuma. Kwenye kiwanja kama hicho R1 haitoki gia ya kwanza, na dereva wake hutumia muda wote akiizuia. Pikipiki ya cc 300 au 400 hubadilisha gia, hufika mwisho wa nguvu zake, hulazwa kona baada ya kona, na humfundisha mwenyewe mambo yaleyale yanayofundishwa Mugello: kutazama mbali, kufunga breki mapema kwa mkono laini, na kufungua mafuta pikipiki ikiwa inaanza kusimama.

Wale wenye uwezo na hamu ya kwenda kwenye kiwanja kikubwa huenda Afrika Kusini, ambako Kyalami ina urefu wa kilomita 4.5 na Phakisa iliwahi kuandaa mashindano ya dunia kuanzia mwaka 1999 hadi 2004. Lakini ni nani atakayeivusha mipaka minne pikipiki yake kwa ajili ya siku mbili? Aliye Malindi akifika huko atakodi pikipiki iliyokwisha kutayarishwa, yenye tairi za mbio na plastiki ambazo hakuna atakayezililia. Ukilitafakari jambo hilo, shida ya kuchagua hupungua sana: pikipiki iliyoegeshwa nyumbani ichaguliwe kwa barabara ya nyumbani na kiwanja kidogo kilicho karibu, na kile kiwanja kikubwa kiachiwe pikipiki ya huko huko.

Kwa msingi huo ninaziona ngazi tatu. Anayeanza, hata awe ameendesha bodaboda miaka kumi, ataipata pikipiki ya kumkuza kati ya Yamaha R3 ya cc 321, KTM RC 390 na Ninja 400, ambayo ina kilo 168 tu ikiwa na petroli yake. Uzito mdogo ni rehema: breki haina mengi ya kuzuia, tairi huchukua muda mrefu kuisha, na pikipiki ikilala chini dereva mmoja huiinua. Aliyekwisha zoea, na anayetaka kwenda Mombasa au kuvuka Sabaki kuelekea Garsen bila injini kulia, atazame zenye silinda mbili za cc 650 hadi 700. Hapo ziko Ninja 650, R7, na Aprilia RS 660 ambayo ina nguvu farasi 100 na vifaa vya kielektroniki ambavyo zamani vilikuwa vya pikipiki za lita peke yake. Ngazi hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi wanaoniuliza. Ninja 650 ina mikono ya usukani iliyo juu zaidi na ni mwema kwa viganja. R7 ina mkao mkali lakini shokomzoba za mbele zake zinarekebishika kikamilifu, jambo ambalo kiwanjani huthaminiwa sana. Ngazi ya tatu ni zile za silinda nne za cc 600, na juu yake za lita, ambazo ni kwa mtu aliyekwisha kuijua sababu yake ya kuzihitaji.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba watengenezaji wenyewe wameisoma hali hii. Sheria za moshi za Euro 5 zilipoanza kutumika, Yamaha iliacha kuiuza R6 kwa ajili ya barabara za Ulaya baada ya mwaka 2020, na kuibakiza kama pikipiki ya kiwanjani tu. Nafasi yake imekuja kuchukuliwa na R9 ya silinda tatu na cc 890, ambayo nguvu farasi zake karibu ni zilezile za R6 lakini huzitoa chini zaidi. Mashindano ya dunia ya Supersport nayo yalibadilisha kanuni mwaka 2022 yakaruhusu injini kubwa zaidi zenye silinda mbili na tatu zishindane na zile za 600. Hivyo anayenunua R6 iliyotumika leo ananunua pikipiki nzuri sana ya zama zinazofungwa, na ahakikishe kwanza kwamba spea zake anajua pa kuzipata.

Safari ndefu huleta suala la tangi. R6 ina lita 17 lakini hunywa sana, kiasi cha lita 6.6 kwa kilomita 100 kwa mujibu wa watengenezaji, hivyo hufika kama kilomita 250. R7 ina tangi dogo la lita 13, ila kwa kuwa hunywa takribani lita 4.2 kwa umbali huohuo, hufika kilomita 300. Kutoka Malindi hadi jeti ya Mokowe, pale pikipiki huachwa na mtu akapanda boti kwenda Lamu, ni takribani kilomita 220, na baada ya Marereni haipendezi kuanza kuhesabu matone.

Vifaa vya kielektroniki nitavitaja kwa ufupi. ABS, mfumo unaozuia breki isilifunge tairi, si ya kujadiliwa kwa mtu wa Pwani. Wakati wa kusi upepo huuleta mchanga barabarani upande wa Mambrui kwa namna ambayo asubuhi lami ilikuwa safi na jioni imevaa unga mwembamba usioonekana hadi uwe juu yake. Breki ya mbele ikifunga tairi hapo, pikipiki iko chini kabla akili haijasema neno. Mifumo ya kuzuia tairi la nyuma kuteleza na ile inayopima kiasi pikipiki ilivyolala ni mizuri, hasa kwa injini yenye nguvu nyingi. Kwa cc 400 si ya lazima.

Tairi, kwa upande mwingine, zinastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa ndizo peke yake zinazogusa ardhi, na sehemu inayogusa haizidi sana ukubwa wa kiganja kwa kila tairi. Pikipiki nyingi za spoti za cc 600 hadi 700 hutumia rimu za inchi 17, tairi la mbele likiwa 120/70 na la nyuma 180/55, na upatikanaji wake nchini mara nyingi ni wa kuagiza. Kosa la kawaida ni kudhani kuwa tairi la mbio ni bora kuliko la barabarani. Tairi la mbio halisi limechanganywa lifanye kazi likiwa na joto kali, ndiyo maana kiwanjani huvikwa blanketi za umeme na kufikishwa kama nyuzi 80 kabla pikipiki haijaondoka. Ukilipeleka barabarani, likasimama kwenye kila taa na kila tuta, halifiki joto hilo, na likiwa baridi hushika vibaya kuliko tairi la kawaida la duka. Kwa mwenye kazi mbili tairi sahihi ni la barabarani la daraja la spoti, ambalo huanza kushika dakika chache baada ya kutoka nyumbani na pia huvumilia vipindi vya dakika 15 au 20 vya kiwanjani.

Upepo wa tairi hubadilishwa kati ya kazi hizo mbili. Barabarani R6 huwekwa psi 36 mbele na 42 nyuma. Kiwanjani tairi hufanya kazi kubwa, huchemka, na hewa ndani yake hutanuka. Ukiacha kipimo cha barabarani, tairi huvimba na sehemu inayogusa lami hupungua wakati unaoihitaji zaidi. Kwa hiyo hushushwa, mara nyingi hadi karibu na psi 30, kwa kufuata maelekezo ya aliyelitengeneza tairi hilo. La kukumbuka zaidi ni kurudisha kipimo kabla ya kuingia barabara kuu, na kwa ajili hiyo mtu awe na geji yake mwenyewe badala ya kutegemea ile ya kituo cha mafuta iliyogongwa ukutani mara mia.

Breki hudai kitu kimoja ambacho hali ya hewa yetu hukiharibu. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 hufyonza unyevu kutoka hewani, na kiwango chake cha kuchemka, ambacho kikiwa kipya ni nyuzi 230 au zaidi, huweza kushuka hadi karibu nyuzi 155 kikishajaa maji. Malindi mtu hutundika shati likakaa na unyevu usiku kucha. Chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa mwaka jana ikaachwa kwenye rafu nayo imekunywa unyevu huohuo. Barabarani huenda usione tofauti. Kiwanjani, baada ya kufunga breki kwa nguvu kwenye kona kumi mfululizo, mafuta huchemka, mapovu hujaa kwenye bomba, na mkono wa breki huvutika hadi kugusa usukani bila pikipiki kusimama. Mwongozo husema yabadilishwe kila miaka miwili. Kwa Pwani, na kwa anayeingia kiwanjani, mimi huyabadilisha kila mwaka kutoka chupa ambayo haijafunguliwa.

Wengi wetu hununua pikipiki iliyotumika, na hapo jicho la fundi lina thamani kuliko jina lililoandikwa kwenye tangi. Niliandamana na mzee mmoja fundi kwenda kutazama pikipiki ya cc 600 iliyong'aa kama sahani ya harusi. Muuzaji alianza kutaja kasi yake. Mzee hakumjibu, alichuchumaa, akageuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, akapitisha kidole gumba chini ya shingo ya fremu, mahali ambapo pana kinundu kidogo cha alumini kinachozuia usukani usipite kiasi. Upande wa kushoto kinundu kilikuwa na pembe zake. Upande wa kulia kilikuwa kimebonyea, laini, kama sabuni iliyotumika. "Mwanangu, hii imelala chini, na haikulala polepole," aliniambia kwa sauti ya chini. "Plastiki hununuliwa mpya. Hapa hapanunuliwi." Akaendelea kunionyesha ncha za usukani zilizopakwa rangi juu ya mikwaruzo, na duara jembamba la oili lililoshika vumbi kwenye bomba la mbele la kushoto, ishara kwamba sili imeshaanza kuvuja. Mwisho alifuta ubavu wa tairi la nyuma kwa kitambaa tukasoma tarakimu nne: 2214. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani tairi lilitoka kiwandani wiki ya 22 ya mwaka 2014. Kashata zake zilikuwa bado nene, na mpira ulikuwa mgumu kama kwato. Tuliaga kwa adabu tukaondoka.

Karatasi nazo zikaguliwe kwa utulivu huohuo. Namba ya fremu imechongwa kwenye shingo ya usukani, na lazima ilingane herufi kwa herufi na ile ya logibuku, pamoja na namba ya injini. Jina la mwenye pikipiki lithibitishwe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Chumvi ni adui wa kimyakimya. Pikipiki ya spoti ina boliti nyingi za chuma zilizokazwa ndani ya alumini, na hewa ya bahari hufanya metali hizo mbili zilane, hadi siku ya kufungua boliti ikakatika shingo. Ioshwe kwa maji baridi, si ya kisima chenye chumvi, ikaushwe, mnyororo upakwe mafuta yake, na boliti zinazofunguliwa mara kwa mara zipakwe grisi ya kuzuia kugandamana. Anayeishi karibu na ufuo wa Silversands ana kazi hiyo kila wiki.

Kuhusu mavazi sina maneno mengi, kwa sababu hapana la kubishania. Helmeti iwe na alama ya usalama ya ECE 22.06, glavu zifunike kifundo cha mkono, viatu vipite fundo la mguu, na kiwanjani suti ya ngozi yenye kinga ya mgongo. Joto la Malindi ni kali, nalijua. Ndiyo maana safari za mafunzo hufanywa alfajiri, lami ikiwa imepoa na barabara ikiwa na wachuuzi wa samaki peke yao. Bei ya vitu hivi itolewe kwanza kwenye fungu la fedha, kisha kilichobaki ndicho kiamue ni pikipiki ipi.

Kuitayarisha pikipiki ya barabarani kwa siku ya kiwanjani hakuhitaji karakana kubwa. Vioo hutolewa, taa hubandikwa tepu ili vigae visitapakae ikianguka, na boliti ya kumwagia oili hufungwa kwa waya isije ikalegea. Kipoza injini chenye glaikoli humwagwa na kuwekwa maji safi, kwa kuwa glaikoli ikimwagika kwenye lami huteleza na hukawia kukauka, na anayeteleza juu yake ni yule anayekuja nyuma yako. Baada ya siku hiyo kipoza hurudishwa, maana maji matupu hayailindi injini dhidi ya kutu.

Kazi iliyobaki, ya kupima jinsi springi ya nyuma inavyozama, hugharimu futi kamba na marafiki wawili, na huibadilisha pikipiki kuliko bomba la moshi la bei kubwa. Springi za pikipiki nyingi za Kijapani zimechaguliwa kwa mtu wa takribani kilo 70. Iinue pikipiki nyuma hadi gurudumu lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama iliyo wima juu yake kwenye mkia, andika. Kisha ukae juu yake ukiwa umevaa kila kitu, miguu kwenye vikanyagio, rafiki mmoja akiushika usukani na mwingine akipima tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe kama milimita 30 hadi 35. Ikizidi, springi hukazwa kwa kigurudumu chake. Ikiwa imekazwa hadi mwisho na bado imezama, springi hiyo ni laini kwako na inahitaji kubadilishwa. Yangu ilikuwa imezama milimita 48 siku tulipoipima uani, chini ya mwembe, na ndiyo sababu ilikuwa ikikataa kugeuka kwenye kona ya Msabaha ambayo kwa miezi mingi nilikuwa nikiilaumu lami yake.